Mbwa wangu anatoa punje kama za mchele, dawa nimempa mara tatu. Nakosea wapi?

Mama Kulwa wa Igombe

Habari za jioni wapendwa. Mimi naanika dagaa huku Igombe, Ilemela, Mwanza. Nina mbwa jike anaitwa Malkia, mbwa wetu wa kawaida, wa kahawia, ana miaka kama mitatu. Nina na paka dume, Bonge, ambaye kazi yake ni kulala juu ya viroba vya dagaa na kujifanya mlinzi.

Ilianza kabla ya Pasaka. Kwenye mkeka anapolala Malkia niliona vitu vyeupe vimekauka, nikajua watoto wamemwaga mchele. Nikawagombeza bure. Kesho yake nikaona kimoja kipo kwenye manyoya chini ya mkia, na kinatembea! Kinajikunja, kinajinyoosha. Sikula wali wiki nzima.

Dawa ya kwanza ilikuwa ule unga wa minyoo wa kuku, nilikuwa nimeubakiza. Niliukoroga kwenye mchuzi wa dagaa akanywa wote. Siku ya pili akatoa minyoo mitatu mirefu kama tambi, nikasema kwisha habari yao. Wiki haijaisha, mchele ule ule. Nikarudia unga, hakuna kilichobadilika. Mara ya tatu nikapanda daladala mpaka mjini nikanunua vidonge vya mbwa, hela ya kutosha sado ya dagaa. Hapo mchele ulikoma. Nikahesabu wiki tatu safi kabisa, ya nne asubuhi nafagia, naukuta umerudi.

Sasa Malkia amezaa watoto sita. Wawili wamekufa wakiwa na wiki tatu, tumbo limewamba kama ngoma na mgongoni mifupa mitupu. Wanne waliobaki wanaingia wiki ya tano. Hawa watoto hawajatoka bandani tangu wazaliwe, hawajala kitu zaidi ya ziwa la mama yao. Minyoo wameipata wapi? Na mimi nina mapacha wa miaka mitatu, Kulwa na Doto, ukigeuka tu wameshaingia bandani kulala nao. Baba yao anasema tuwapeleke porini wote na mama yao. Sitaki, ila sina la kumjibu.

Ng'ombe Thelathini

Mama Kulwa pole. Unajisumbua na vidonge vya bei. Chukua ivamektini ya ng'ombe, mchome shingoni, yeye na watoto wake. Mimi huku Magu mbwa wangu wa kuchungia nawachoma siku ile ile ninayochoma ng'ombe. Sindano moja, kupe kwaheri, minyoo kwaheri.

Mtoto wa Mwaloni

Au vile vidonge vya kichocho wanavyopewa wanafunzi shuleni. Si ni vya minyoo hivyo hivyo? Vunja kipande changanya na panki, yale mabaki ya sangara.

Bwana Mifugo Mstaafu

Ng'ombe Thelathini weka sindano chini kwanza. Mama Kulwa, usichome wala usivunje kitu mpaka unijibu. Fungua midomo ya hao watoto wanne uangalie fizi, uniambie rangi. Pima uzito wa kila mmoja, wa kukisia sitaki. Pekua manyoya ya Malkia kiunoni karibu na mkia uniambie unaona nini. Na useme ukweli anakula nini, maana kila mtu akiulizwa husema mbwa wake anakula ugali.

Mama Kulwa wa Igombe

Shikamoo Bwana Mifugo. Nimepima kwa mizani ya sangara, nimewatia kwenye kiroba nikawaning'iniza, wamepiga kelele kijiji kizima kimekuja. Malkia kilo 16. Watoto watatu wana kilo moja na nusu kila mmoja, wa mwisho ana robo tatu tu. Fizi za wale watatu ni nyekundu. Za huyo mdogo ni nyeupe kama maziwa, na kinyesi chake ni cheusi kama lami.

Viroboto wapo, sitadanganya. Nikipuliza manyoya wanakimbia kama machinga walioona mgambo.

Chakula ni ugali, mapanki na vichwa vya sangara vya kuchemsha. Siku wakichinja mbuzi hapa jirani huwa wanamtupia mapafu. Mabichi.

Bwana Mifugo Mstaafu

Marahaba. Huyo wa fizi nyeupe usimlaze leo. Mpakie kwenye pikipiki umpeleke kwa daktari wa mifugo sasa hivi, mengine utayasoma ukirudi. Fizi nyeupe na kinyesi cha lami ni safura. Ni minyoo midogo kama uzi uliokatwa, inang'ata ukuta wa utumbo na kunyonya damu. Mtoto wa robo tatu kilo ana damu kiasi gani ya kugawana? Hata dawa ikiiua minyoo yote usiku huu, damu iliyokwisha hairudi kesho, ndiyo maana nataka aonwe na mtu.

Sasa tuje kwenye mchele wako. Hapo kwako kuna minyoo ya aina tatu, na wewe umekuwa ukiipiga yote kwa fimbo moja.

Ile mirefu kama tambi ni michango. Unga wa kuku ni piperazini, na piperazini inalegeza michango tu, ndiyo maana siku ya pili uliiona ikitoka. Ulifurahi kwa haki yako. Lakini punje za mchele ni vipande vya tegu. Tegu amejishika kwa kichwa huko juu kwenye utumbo, anakatika vipande vya mkiani, kila kipande kimejaa mayai, kinatembea chenyewe mpaka nje. Piperazini haimgusi. Ungempa Malkia mfuko mzima wa unga wa kuku, tegu angebaki pale pale.

Vidonge vya mjini vilikuwa na prazikwanteli, dawa inayoua tegu, ndiyo sababu ulipata wiki tatu safi. Dawa ilifanya kazi. Sasa kwa nini mchele ulirudi? Kwa sababu ya hao machinga wako.

Tegu wa aina hii haingii kwa mbwa kupitia kinyesi wala chakula. Kipande kinaangukia mkekani, kinakauka, mayai yanamwagika. Funza wa kiroboto, yaani kiroboto akiwa bado mchanga, anaishi humo humo kwenye mkeka na vumbi, na anayala mayai hayo. Akikua anakuwa kiroboto mwenye tegu mchanga tumboni. Anamrukia Malkia, Malkia anawashwa, anajing'ata kiunoni, anammeza. Baada ya wiki mbili tatu tegu mpya ameanza kukata vipande. Hesabu zako na zangu zimekutana hapo, wiki ya nne. Wewe ulimtibu mbwa ukaacha mkeka.

Kwa hiyo dawa ya tegu na vita ya viroboto ni siku moja. Mkeka uchome moto. Matambara yachemshe. Fagia banda mpaka kwenye pembe, na takataka hizo nazo uzichome. Malkia umpake dawa ya viroboto ya mbwa. Watoto bado wadogo kwa dawa nyingi za kupaka, waogeshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, uwakaushe vizuri, uwachane kwa kitana. Halafu usikate tamaa ukiona viroboto wapya wiki ya pili na ya tatu. Wale waliokuwa kwenye vifuko vyao hawafi kwa urahisi, wanakaa humo wiki kadhaa wakisubiri mtikisiko wa mtu au mnyama anayepita. Endelea kufagia.

Umeuliza watoto wamepata wapi. Kwa mama yao, kabla hawajazaliwa. Mbwa mkubwa akimeza mayai ya michango, lava wengi, yaani minyoo michanga, hawafiki mbali, wanajichimbia kwenye nyama ya mwili na kulala hata miaka. Jike akishika mimba, katika wiki tatu za mwisho hivi wanaamka, wanapita kwenye kondo la nyuma na kuingia kwa watoto tumboni. Wengine wanakuja na maziwa, na safura nao wanapita kwenye maziwa. Kwa hiyo mtoto wa mbwa wa hapa kwetu mhesabu kuwa amezaliwa na minyoo, hata kama umemlaza kwenye shuka. Dawa anaanza akiwa na wiki mbili, pairanteli ya maji, kwa uzito wake, inarudiwa kila baada ya wiki mbili mpaka wiki ya nane. Baadaye kila mwezi mpaka nusu mwaka, kisha kila miezi mitatu. Mama naye anapewa siku ile ile na watoto. Wale wako wawili walipokufa na wiki tatu walitakiwa wawe wameshakunywa dozi ya kwanza. Sikulaumu, hilo hata wanaouza mbwa wa bei hawawaambii wateja.

Sindano ya ng'ombe. Chupa ile kwa kawaida ina miligramu 10 katika kila mililita moja, imetengenezwa kwa mnyama wa kilo mia tatu, mia nne. Kwa mtoto wa kilo moja na nusu, tone lililozidi kidogo tu linaweza kumlewesha: anapepesuka, mboni zinapanuka, anatoka udenda, anatetemeka, mwingine anazimia na asiamke. Na baada ya hatari yote hiyo, ivamektini haiui tegu. Mchele ungeendelea kuokota.

Kidonge cha kichocho ni prazikwanteli kweli, Mtoto wa Mwaloni hukukosea dawa. Umekosea hesabu. Kidonge kile ni cha miligramu 600. Mbwa anahitaji miligramu 5 kwa kilo, kwa hiyo kidonge kizima ni cha mbwa wa kilo 120, na mbwa wa namna hiyo sijamwona Kanda ya Ziwa nzima. Ukianza kukimega kwa kisu hujui umempa ngapi. Tena dawa ile imehesabiwa kwa ajili ya watoto wa shule, waachie.

Ng'ombe Thelathini

Dah. Mwaka jana mbwa wangu mmoja alipepesuka siku mbili baada ya sindano, hakuona mlango akaingia ukutani. Tukasema kagongwa na nyoka. Tulimpa maziwa. Alipona, ila sasa nimeelewa nyoka alikuwa mimi.

Nyau wa Nyegezi

Naomba niongeze kuhusu paka, maana Bonge amesahaulika. Mama Kulwa, hiyo dawa ya viroboto ya Malkia ISIMGUSE Bonge. Mimi nilikuwa na paka, Sukari, mweupe, miaka sita. Duka moja hapa mjini nilisema nataka dawa ya viroboto ya paka, kijana akanipa kichupa chenye picha ya mbwa, akasema ni ile ile, weka nusu. Niliweka nusu. Saa mbili usiku masikio yakaanza kumcheza, kisha mwili mzima ukawa unatetemeka kama mtu mwenye homa kali. Alfajiri nilimzika chini ya mwembe. Ni miaka minne sasa na bado nikipita lile duka navuka barabara.

Bwana Mifugo Mstaafu

Pole sana Nyau. Hiyo ilikuwa pemethrini. Mbwa anaivumilia, ini la paka haliwezi kuivunja. Hakuna nusu wala robo, ni marufuku. Dawa ya kuogeshea ng'ombe kupe nayo usimpake paka. Na Mama Kulwa, Malkia akishapakwa asilale na Bonge mpaka akauke kabisa, au nunua ya aina isiyo na pemethrini, ndiyo salama zaidi nyumba yenye wote wawili.

Bonge anywe dawa ya minyoo ya paka siku moja na wenzake. Paka akinasa kiroboto anapata tegu wa mchele kama mbwa, na akila panya anapata tegu mwingine wa kwake. Huwezi kumkataza panya, ndiyo kazi uliyomwajiri, kwa hiyo yeye dawa kila miezi mitatu. Watoto wa paka wao hawazaliwi na michango, wanaipata kwenye maziwa, ndiyo maana wanaanza dawa wiki ya tatu badala ya ya pili.

Nimekumbuka mapafu mabichi. Acha leo. Yana tegu mwingine mdogo kabisa, hafiki hata sentimita moja, huwezi kumwona kwenye kinyesi, na mbwa mwenyewe haumwi. Anayeumwa ni mtu akimeza mayai yake: yanaota malengelenge ya maji kwenye ini au mapafu, yanakua taratibu kwa miaka mpaka yanahitaji kupasuliwa. Wafugaji wa Kimasai na Waturkana wanaujua ugonjwa huo vizuri. Ukiona mapafu ya mbuzi yana vifuko vya maji, usimpe mbwa yeyote, fukia chini sana. Yasiyo na kitu chemsha mpaka yaive. Mapanki yako ya kuchemsha hayana shida, toa tu miba mikali.

Mvuvi wa Giza

Samahani nadandia. Dagaa wengine ukiwapasua tumbo lina mnyoo mweupe mpana kama utepe, mkubwa kuliko utumbo wenyewe. Mbwa wetu wanawala wabichi pale mwaloni kila asubuhi. Huo si ndio tegu wenyewe?

Bwana Mifugo Mstaafu

Swali zuri, na wengi hapo mwaloni wanaamini hivyo. Ni jamaa wa tegu, anaitwa Ligula, lakini safari yake ni nyingine. Ndani ya dagaa bado ni mchanga, anasubiri dagaa aliwe na ndege mla samaki, mnandi na wenzake. Anakomaa ndani ya ndege, mayai yanarudi ziwani na kinyesi. Mchele wa Malkia hautoki huko. Anayekuletea tegu anaruka, ila hana mbawa.

Mama Kulwa wa Igombe

Nimerudi kutoka kwa daktari. Mdogo amebaki na dripu. Nina swali moja la mwisho, ndilo linaloninyima usingizi: Kulwa na Doto.

Bwana Mifugo Mstaafu

Tegu wa kiroboto mtoto anaweza kumpata akimeza kiroboto, hutokea mara chache na hutibika. Michango ndiyo ya kuogopa zaidi. Mayai yake yakiingia kwa mtoto, lava wanapotea njia, wanazurura kwenye ini, mapafu, wakati mwingine jicho. Safura wa mbwa wao wanatoboa ngozi ya miguu peku kwenye mchanga wenye unyevu, utaona mstari mwekundu unaojipinda na kuwasha mno.

Lakini sikiliza jambo moja litakalokusaidia. Yai la mchango likitoka leo kwenye kinyesi haliambukizi leo. Linahitaji wiki mbili au zaidi kukomaa kwenye udongo. Likishakomaa linaweza kukaa miaka kwenye udongo, mvua ya masika hailitoi. Kwa hiyo kinyesi unachookota leo na kutupa chooni ni ugonjwa ambao haujazaliwa. Okota kila siku kwa koleo. Usikitupe ziwani, usikifukie kwenye mchanga wa kuanikia. Na kama bado mnaanika dagaa chini, mbwa wanapita juu yake, pandisheni kwenye vichanja. Watoto wavae ndala, wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, ukate kucha. Wakipata mstari huo mguuni, au mmoja akilalamika jicho, kituo cha afya, na useme wazi kwamba nyumbani kuna mbwa wachanga.

Mama Kulwa wa Igombe

(wiki sita baadaye)

Wabeja sana wote. Naleta mrejesho kama nilivyoahidi moyoni.

Kurudia dawa kila wiki mbili kulinishinda kukumbuka, simu yangu inazima ovyo. Nikapata akili ya mwaloni. Mbalamwezi ikijaa wavuvi hawaendi dagaa, baba Kulwa yupo nyumbani. Giza likiingia, zile siku zisizo na mwezi, wanashuka ziwani. Kati ya mwezi mpevu na giza ni wiki mbili. Basi mbalamwezi dawa, giza dawa. Kwenye mbalamwezi yeye ndiye anawashika, kwenye giza nashika mwenyewe na kukwaruzwa.

Mkeka nilichoma. Banda nimefagia mpaka majirani wakauliza kama nina mgeni. Viroboto wiki ya tatu walitokea wengi kuliko mwanzo, nikataka kulia, nikakumbuka vile vifuko, nikaendelea. Sasa nikipuliza manyoya hakuna anayekimbia. Mchele sijauona wiki ya sita hii, na wali nimeanza kula.

Watoto watatu wana kilo nne na zaidi. Yule mdogo amepona, ana kilo mbili na nusu, mkorofi kuliko wote, anamfukuza Bonge kwenye viroba. Baba Kulwa, yule aliyetaka wapelekwe porini, kamwita Sangara na analala naye mguuni. Kinyesi anaokota yeye, kwa koleo, siku za mbalamwezi. Siku za giza tunajua nani anaokota.

Wawili wanatafuta nyumba, wameshakunywa dawa dozi nne na nimeandika kwenye daftari. Chanjo ya kichaa cha mbwa wakifika miezi mitatu.

Ng'ombe Thelathini

Niwekee mmoja, dume kama yupo. Jumamosi nakuja Igombe kununua dagaa.

Mama Kulwa wa Igombe

Yupo. Njoo na kiroba cha kumbebea, na sindano yako uiache huko huko Magu.